Mwanamvua Hakufa

Jumamosi, 5 Julai 2025

Kesho! Kesho saa moja jioni tamthilia yetu inaanza kwenye TV. Siamini.

Nimelifungua daftari hili waliloniachia watu wa tamthilia mwaka jana. Jalada gumu, jina MWANAMVUA limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Lilikaa chini ya nguo zangu miezi yote hii, naogopa kulichafua kwa mambo ya sokoni. Leo nimesema basi. Liandikwe kitu cha maana.

Kijiji kizima cha Mkuyuni hakina habari nyingine. Kibwana kafuta mpira wa kesho kwenye banda lake la video. Kibwana! Mtu ambaye hakufunga banda hata siku ya msiba wa shemeji yake. Kaazima viti vya shule, kapangusa skrini kwa kanzu yake mwenyewe.

Na mimi natembea kifua mbele. Kwa nini nisitembee? Walipokuja Agosti iliyopita, wiki tatu, magari sita, mimi ndiye niliyewapikia. Na mimi ndiye niliyempeleka mwongozaji wao, Rogers, kwa Mamkubwa Mwaisha. Dada mkubwa wa marehemu mama. Hadithi ya Mwanamvua hakuna anayeijua kama yeye, maana ni ya kwetu, ya ukoo wetu. Mamkubwa hakutaka. Alisema hadithi ya ukoo si maji ya bomba, kila apitaye akinge ndoo. Nikamwambia hawa si wezi, Mamkubwa, hawatabadilisha kitu. Nakuapia.

"Unaniapia?"

"Nakuapia."

Basi akamkalisha Rogers kwenye mkeka siku tatu, akasema yote.

Niiandike hapa ilivyo, kabla TV haijaja na yake. Mwaka wa ukame mkubwa. Chemchemi imebaki moja tu, ya huku juu. Watu wa bondeni wanakufa kwa kiu. Mjomba wake Mwanamvua, mkubwa wa ukoo, anaweka walinzi: tone lisishuke! Mwanamvua ana mtoto wa kike, hajatimiza mwaka. Alfajiri anambeba mgongoni, anashika jembe, anaanza kuchimba mtaro kuelekea bondeni. Siku tatu. Mtoto akilia anamnyonyesha, kisha anachimba. Siku ya tatu mjomba anamsimamia na mkuki. Acha jembe, anamwambia. Na yeye: "Nichome, mjomba. Ila ukinichoma mimi umemchoma na huyu. Na ukoo wako unaishia hapa." Maana sisi ukoo unapita kwa mama. Mjomba watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mkewe. Ukoo wake yeye ulikuwa mgongoni kwa mpwa wake, unanyonya kidole. Akashusha mkuki. Maji yakashuka.

Ndiyo hiyo. Hakuna uchawi, hakuna harusi.

Ule mchezo wa redio wa zamani uliisema hivyo hivyo. Nilikuwa mdogo, lakini kile kilio cha mtoto redioni nakisikia hadi leo. Mama alikuwa anatukataza hata kutafuna.

Na safari hii mtoto ataonekana kwa macho! Walimpiga picha Upendo, binti wa jirani yangu Felista. Siku nzima. Alikuwa na miezi minane, alilia pale pale palipotakiwa kulia, wakampigia makofi. Leo Upendo anatembea. Felista kamshonea gauni la njano la kujitazamia.

Nalala mapema. Sitalala.

Jumapili, 6 Julai

Ukuta wa banda umekaribia kuanguka kwa watu! Mamkubwa tulimweka mbele, kwenye kiti chenye mto. Felista pembeni yake, Upendo mapajani na gauni lake.

Mlima wetu ulipotokea — ule mlima wetu, na ukungu wake wa asubuhi, na mgomba aliopanda baba, Mzee Stambuli, pembeni — watu walipiga kelele hadi Kibwana akaogopa. Mimi nililia. Nakiri. Mtu hajui jinsi kwao palivyo pazuri mpaka apaone kwenye kioo.

Kisha akatoka Mwanamvua. Mzuri, jamani. Mzuri kupita kiasi. Kope ndefu. Kucha… nani anachimba mtaro na kucha zile? Nikasema moyoni, Zuhura, acha roho mbaya, ni sehemu ya kwanza.

Hana mtoto. Katika sehemu nzima, hana mtoto. Anacheza majini na wenzake.

Upendo alisinzia. Felista akaniuliza kwa macho. Nikamwambia kwa midomo: wiki ijayo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, lakini soko limejaa. Kila anayenunua pilipili manga ananiuliza swali moja. Mtoto yuko wapi? Najibu kama daktari: subira. Hadithi haijafika huko.

Jioni nilimpelekea Mamkubwa uji. Aliuliza tu kama yule binti kweli alikuwa ameshazaa, maana tumbo lake halioneshi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 13 Julai

Sehemu ya pili.

Mjomba kavalishwa ngozi ya chui na meno ya mnyama shingoni. Anacheka hovyo, peke yake, pangoni. Mjomba gani wa Kiluguru anakaa pangoni? Mjomba ndiye anayekuamulia mahari, ndiye anayekutetea. Alikuwa amekosea yule, hakuwa shetani!

Na kuna mwana wa mfalme. Wa bondeni. Ana farasi. Farasi! Banda zima lilicheka. Kibwana alisema labda alimkodi Dar es Salaam.

Wimbo wa kumtuliza mtoto ambao Mamkubwa alimfundisha mwigizaji kwa kinywa chake, wamewapa wanawake waimbe wakicheza mabega wazi mbele ya moto. Niliona mkono wa Mamkubwa umekaza kwenye mkongojo.

Nikamwambia labda wiki ijayo. Bado kuna sehemu mbili. Mtoto anaweza kuja hata sehemu ya tatu, si lazima awepo tangu mwanzo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempigia Rogers. Mara nne hakupokea, ya tano kapokea. Mchangamfu kama kawaida — dada Zuhura, wali wako wa nazi nauota mpaka leo! Nikamuuliza moja kwa moja. Mtoto?

Akashusha pumzi. Alisema wakubwa wa kituo walitazama wakaona mama mwenye mtoto hapendwi na vijana. Shujaa lazima awe msichana ambaye bado anatafutwa. Kwamba wameboresha. Kwamba ni heshima kwa utamaduni wetu. Nikamuuliza, Rogers, ulikaa kwa Mamkubwa siku tatu, alikwambia nini? Akasema alikuwa kwenye kikao, atanipigia.

Hajapiga.

Sijamwambia Mamkubwa. Nitamwambia nini? Labda walipunguza tu, hawakutoa kabisa.

Jumapili, 20 Julai

Sehemu ya tatu. Mapenzi. Farasi. Mtoto hakuna. Mamkubwa nikamwambia tena: wiki ijayo.

Felista hakuja. Upendo ana mafua, alisema.

Jumapili, 27 Julai

Imekwisha.

Leo watu hawakujaa. Tulikuwa kama ishirini. Mamkubwa alikuja mwenyewe kwa miguu, hakusubiri nimfuate. Kavaa baibui jeusi jipya. Kakaa pale pale mbele.

Mjomba anamfukuza Mwanamvua mpaka juu ya maporomoko. Mwana wa mfalme kachomwa mkuki, anakufa huku anaongea, dakika nzima. Mwanamvua anafungua nywele. Anaita mvua kwa uchawi, kwa lugha isiyo ya mtu yeyote. Radi. Halafu anajirusha! Anajirusha majini kwa ajili ya mwanamume! Mvua inanyesha. Majina yanapanda. "Shukrani kwa jamii ya Waluguru."

Kibwana hakuwasha taa.

Mamkubwa akasimama. Polepole, kwa mkongojo, mpaka akageuka akatutazama. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Amekufa?"

Akazungusha macho kwetu sote.

"Amekufa na hakuzaa. Haya. Basi mimi ni nani?"

Akatoka. Nilimkimbilia na tochi kwa sababu giza lilikuwa limeshaingia. Nikasema Mamkubwa, ni mchezo tu. Akaushika mkono wangu — nilidhani anaushika — akautoa kwenye bega lake, akauweka pembeni kama mtu anayetoa jani. Akaenda zake.

Yu peke yake kule juu. Mimi niko peke yangu huku. Jina langu limo kwenye yale majina yaliyopanda. "Chakula: Zuhura Stambuli." Nilikuwa nasubiri kuliona jina hilo tangu mwaka jana.

Jumanne, 29 Julai

Nimepeleka uji. Mlango umefungwa kwa ndani. Nimeuacha kizingitini.

Jumatano, 30 Julai

Uji wa jana hakuugusa. Umeliwa na kuku.

Ijumaa, 1 Agosti

Kuhusu Felista. Nilikwenda kumwomba radhi naye. Alikuwa anachambua mchicha mlangoni, gauni la njano limeanikwa kwenye kamba. Alisema mimi sina kosa, yeye ndiye mjinga aliyewatangazia ndugu zake wote kule misheni Matombo. Padri mwenyewe aliuliza tarehe! Tukacheka. Kisha akajifuta macho kwa mkono wenye mchicha.

Alisema kitu kimoja kimenikaa. Alisema walipokuwa wanampiga picha Upendo, yule binti mwandishi, Glory, alikuwa amesimama nyuma ya kamera analia. Glory namkumbuka. Mwembamba, miwani, anakula kidogo. Ndiye aliyekuwa anaandika maneno ya waigizaji. Alikuwa ananiita anti.

Jumamosi, 2 Agosti

Mamkubwa kafungua mlango!

Nilimkuta anabandua magome ya mdalasini uani kama siku zote. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Nikakaa chini, nikachukua kisu cha pili, tukabandua. Labda saa nzima. Harufu ile, na baridi ya Agosti, na hakuna anayesema.

Nikashindwa. Nikaanza kulia, nikasema nimekuponza, niliapa, nisamehe.

Akaacha kisu.

"Unajua nimekukasirikia nini?"

"Niliapa na wao wakabadilisha."

"Waongo wapo tangu dunia. Sikukasirika kwa hilo. Umekaa wiki tatu unaniambia wiki ijayo, wiki ijayo. Ulijua tangu ya kwanza, Zuhura. Nilikuona ulivyonyamaza."

Kweli tupu. Nilijua tangu zile kucha.

"Na jingine," akasema. "Uliapa kwa mdomo wa mtu mwingine. Usirudie. Apa kwa wako."

Nikauliza nifanye nini sasa. Akasema nimalizie lile gome, nisiliache nusu litajikunja.

Tumekula pamoja. Ugali na mlenda. Sijala chakula kitamu hivi tangu Julai ianze.

Jumanne, 5 Agosti

Kikundi chetu cha viungo kina meza Nane Nane mjini Morogoro mwaka huu. Mwenyekiti anataka mzee mmoja wa kueleza viungo vinavyolimwa tangu zamani. Nilimtaja Mamkubwa bila matumaini. Mara ya mwisho kushuka mjini ilikuwa kwa ajili ya jicho.

Kasema anakwenda! Kauliza tu kama kutakuwa na kiti na kama watu ni wengi.

Wengi sana, nikamwambia.

"Vizuri," akasema. Sijui alimaanisha nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Miguu imekufa. Sauti imekufa. Nimejaa furaha mpaka kooni. Lazima niandike yote.

Meza yetu ilikuwa kati ya wauza asali na mtu wa vifaranga. Mamkubwa kwenye kiti, khanga mpya, mbele yake mafungu: mdalasini, karafuu, pilipili manga, hiliki. Asubuhi ilikwenda kawaida. Watu wananusa, wanauliza, wanapita.

Saa tano hivi wakaja wasichana wawili, wanafunzi wa chuo. Mmoja akasoma bango letu. Mkuyuni! Akamgeukia mwenzake, si ndiko kwa Mwanamvua? Yule aliyejirusha maporomokoni! Mimi nililia, we, akasema!

Nikaganda. Nikatamani kuangusha meza ili mazungumzo yakatike.

Mamkubwa alikuwa anamfungia mteja karafuu. Akamaliza kufunga. Akakunja pembe za karatasi vizuri. Ndipo akasema:

"Hakujirusha."

"Eti, bibi?"

"Mwanamvua. Hakujirusha. Hakufa hata kidogo siku ile. Alikuwa na kazi."

Wasichana wakacheka kwa adabu. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbolea akasema, "Bibi, ile ni tamthilia tu."

"Najua. Na mimi ni mtu tu. Kaa usikilize."

Akakaa! Kwenye gunia letu la tangawizi. Na Mamkubwa akaanza. Nimeisikia hadithi hii tangu nikiwa tumboni, lakini sijawahi kuisikia akiisema kwa watu asiowajua. Uani kwake anaisema polepole. Leo aliisema kama mtu anayetoa ushahidi. Alisema jembe lilikuwa na mpini mfupi kwa sababu ule mrefu ungempiga mtoto kichwani. Hilo sikulijua! Alisema siku ya pili maziwa yalikauka, akamtafunia mtoto mhogo mbichi. Hilo pia sikulijua. Kwa nini hakuwahi kuniambia? Au sikuwahi kuuliza.

Watu wakazidi. Wauza asali waliacha asali. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa amesimama mbele kabisa, na nikaona watu wanamtazama Mamkubwa, wanamtazama yeye, wanamtazama Mamkubwa tena. Mama wa watu akaanza kujitikisatikisa ovyo kumbembeleza mtoto ambaye hata halii.

Alipofika kwa mjomba na mkuki nilidhani atanyanyua sauti. Akashusha. Watu wakainama ili wasikie. Kuna mtu alimzimia mwenzake simu.

Maji yaliposhuka, yule msichana wa chuo akauliza, sasa akina Mwanamvua waliishia wapi?

Mamkubwa akanyoosha mkono, akahesabu kwa vidole.

"Mwanamvua alikuwa na Sikudhani mgongoni. Sikudhani akamzaa Tabu. Tabu akamzaa Chausiku. Chausiku akamzaa Mosi. Mosi akamzaa Pili. Pili akanizaa mimi na mdogo wangu Hadija. Mimi Mungu hakunijalia. Hadija akamzaa huyu."

Kidole chake kikatua kwangu.

Watu wote wakageuka. Mimi na mikono yangu ya njano kwa binzari, kilemba kimekaa upande. Nikataka kujificha chini ya meza. Mamkubwa akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananituma chumvi:

"Simama vizuri, Zuhura. Wanakuona."

Nikasimama.

Tuliuza kila kitu. Lakini si hicho kikubwa. Mara tatu zaidi kabla ya magharibi watu walikuja kusema tunasikia kuna bibi anasimulia. Mara ya nne sauti ilikuwa imekauka, akasema aachwe, anataka soda ya baridi na atazame vifaranga.

Jumapili, 10 Agosti

Kumbe yule mwenye kofia ya mbolea alirekodi kwa simu. Kipande kiko kila mahali. Kibwana kanionesha saa kumi na moja alfajiri, kagonga mlango kama kuna moto. "Na mimi ni mtu tu" — vijana wa stendi wanaambiana hivyo wakigombana!

Mamkubwa nilimwonesha. Akatazama mpaka mwisho, akasema khanga ilikaa vibaya begani, kwa nini sikumwambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Ujumbe kutoka kwa Glory! Mrefu. Nimeusoma mara tatu.

Shikamoo anti Zuhura. Anasema ameona kile kipande akiwa kazini, akaenda chooni kulia. Kwamba onesho la mtoto aliliandika yeye, kurasa tisa, na lilipigwa picha lote, anajua lilipohifadhiwa. Walipolikata hakusema kitu. Ndio kwanza alikuwa amepata ajira, aliogopa. Anasema kunyamaza kwake ndiko kunakomuuma kuliko mkasi wao. Anasema Rogers naye ameona, hana amani, wamekwenda wote wawili kwa wakubwa kuomba kipindi cha saa moja: Mamkubwa asimulie mwenyewe, na lile onesho liwekwe. Wakubwa hawajakataa. Hawajakubali pia. Lakini yeye hataki kusubiri wakubwa. Anauliza kama anaweza kuja, yeye peke yake, bila kamera.

Nilitaka kumjibu hapo hapo: njoo, Mamkubwa atafurahi. Vidole vilikuwa tayari. Nikajizuia.

Nikapanda kwa Mamkubwa, nikamsomea wote, neno kwa neno, pamoja na hapo pa wakubwa hawajakubali. Nikasema sijui kama wataonesha. Sijui kama watakata tena. Najua tu kwamba huyu alilia.

Mamkubwa akafuta mikono kwa khanga.

"Leo umesema vizuri," akasema. "Aje Alhamisi. Alete sukari."

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe, juu ya shamba la mdalasini. Daftari magotini. Sikutaka lisubiri jioni.

Glory kafika saa nne. Amekonda zaidi. Viatu vya mjini, matope mpaka vifundoni. Kapiga magoti kumwamkia Mamkubwa, na kiroba cha sukari kilo mbili kama alivyoagizwa. Kaomba radhi. Hakujitetea, nilimpenda kwa hilo. Felista alikuja na Upendo. Upendo akamvua miwani akataka kuila. Ikasaidia.

Uji ukanywewa. Glory akatoa karatasi zake zile tisa, akaziweka mkekani. Akasema anataka kuanza upya, asikie tena tangu mwanzo, na safari hii hataandika neno mpaka aambiwe aandike.

Mamkubwa hakuzigusa karatasi.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Glory akataja jina la baba yake, akasema alikuwa mwanajeshi, wanakaa Ngerengere.

"Baba sijakuuliza. Mama yako ni nani?"

"Anastasia."

"Na aliyemzaa Anastasia?"

"Bibi… bibi mzaa mama. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Alikuwa anakaa kwetu."

"Alikuwa na jina."

Glory akaangalia karatasi zake. Nilimwona anatafuta. Hakuna. Watu wote walikuwa wanamwita Bibi, akasema. Sauti imekuwa ya mtoto wa darasa la tatu kweli.

Felista akajifanya anamfunga Upendo kamba ya kiatu. Upendo hana viatu.

Nilidhani Mamkubwa atamfukuza. Hakukasirika. Alimsogezea kikombe, akasema taratibu kwamba hawezi kumpa Mwanamvua, bibi yake yeye, wakati Glory wa kwake hamjui, atambeba wapi? Mgongo wenyewe bado hauna mtu. "Mpigie mama yako. Muulize jina. Na aliyemzaa huyo, na huyo. Ukirudi nao, tunaanza."

Uani mtandao haukamati. Ndiyo maana tumepanda huku, mimi na yeye, mpaka kwenye mawe. Kutoka hapa barabara ya Matombo inaonekana nyembamba kama uzi, na bonde lote la kijani chini.

Mara ya kwanza haikupokelewa. Ya pili pia. Akaniambia anti, mama huwa sokoni saa hizi, labda jioni. Nikasema piga tena.

Imeita.

"Mama, shikamoo. Hapana, sijambo, niko Uluguru. Mama — bibi alikuwa anaitwa nani? Bibi wetu. Jina lake."

Anasikiliza. Anasikiliza kwa muda mrefu kuliko jina moja. Amekaa chini, kwenye nyasi mbichi, na zile nguo zake nzuri. Sasa anasema, "Ngoja, Mama, polepole, huyo wa tatu rudia —" na analia na kucheka, na mkono wa pili ananipungia, anapapasa hewani. Karatasi zake kaziacha kwa Mamkubwa. Anataka kuandika. Anataka kalamu, na mimi ninayo hii moja tu, na daftari hili, basi nampa